Kikofia cha Kijani kwenye Waya wa Loki

Mjukuu wangu ni fundi baiskeli, na mkewe hushindana kwa baiskeli za milimani. Kama bibi yeyote anavyotaniana na mjukuu wa kiume, mimi namwita mume wangu, na huyo binti namwita mke mwenzangu. Tunakaa watatu nyumba moja. Vyumba vya kulala viko nyuma, na chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho karakana. Kazi yangu mle ni pancha. Nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, beseni la maji mbele yangu, nazamisha mipira ya ndani natafuta mapovu. Uzi kwenye tundu la sindano siku hizi siuoni, lakini povu naliona.

Na mtu anayekaa mlangoni anaona mengi zaidi ya mapovu.

Wiki ninayoisimulia, Jumamosi yake kulikuwa na mashindano. Wanawake wawili wa kwanza walikuwa wanachukuliwa kwenda kambini, huko wakafundishwe na walimu wa kweli, kisha waingie timu. Mwaka uliotangulia mke mwenzangu alikuwa wa pili mpaka kwenye mteremko wa mwisho, akaanguka penye mawe, akaingia wa mwisho goti limechanika. Tangu siku hiyo kambi ile ndiyo ilikuwa wimbo wake. Akifua anaitaja, akichana nywele anaitaja. Mumewe alikuwa akimwambia kwa upole, "Mwaka jana ulikuwa na pupa. Baiskeli ilikuwa sawa, nimeitengeneza mimi." Mke mwenzangu alikuwa ananyamaza. Sikulitilia maanani lile la kunyamaza, na ndilo lililokuwa na neno ndani yake.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichotokea. Baiskeli ya milimani, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, mafundi wanaiita foku, ina shokapu ya hewa na mafuta ndani. Ukigonga jiwe inabonyea na kurudi, mikono isiumie. Lakini wakati wa kupanda kilima kubonyea huko ni hasara, kila ukikanyaga pedeli foku inainama kama mtu anayesalimia wakubwa, na nguvu yako inaishia humo. Kwa hiyo wameiwekea loki. Kwenye usukani kuna kidude cha kubonyeza kwa dole gumba. Ukikibonyeza kinavuta waya, waya unazungusha kifuniko juu ya mguu wa kulia wa foku, tundu la mafuta lililo ndani linazibwa, foku inakuwa ngumu kama mpini wa jembe. Ukifika kileleni unabonyeza tena, waya unaachia, springi inarudisha kifuniko, tundu linafunguka, unateremka kwa raha. Hayo nimeyajua kwa kukaa mlangoni tu.

Jumatatu mume wangu aliitundika baiskeli ya mkewe kwenye stendi aioshe. Za wateja huzisugua kwa brashi. Ya mkewe huipangusa kwa kitambaa laini, huku anapiga mluzi. Siku hiyo mluzi ukakatika katikati.

"Bibi, njoo uone."

"Nina mpira mkononi."

"Uweke chini."

Nikajikokota. Alikuwa amesimama mbele ya foku, kitambaa kimemning'inia mkononi.

"Unaona nini hapa?"

"Waya wa loki."

"Mwisho wake."

"Kuna kikofia."

"Rangi gani?"

"Kijani. Kwani rangi za nyumba hii zimeanza kukupotea?"

"Mimi natumia vikofia?"

Kweli, hatumii. Waya ukikatwa, ncha yake hufumuka nyuzi nyuzi, kwa hiyo kila fundi ana namna yake ya kuizuia. Mume wangu huichovya kwenye risasi ya kulehemu, inabaki na tone dogo linalong'aa, kama punje ya mtama. Ndiyo sahihi yake. Vikofia vya rangi alikuwa anavitumia fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye watu wanamwita Miwani kwa sababu miwani yake haikai machoni, inakaa kichwani. Ameviweka vikofia vyake kwenye chupa ya kioo juu ya meza ya duka, utadhani pipi.

"Na hapa," mume wangu akasema. Akaupitisha mkono hewani kwenye waya bila kuugusa. Zamani ulikuwa umenyooka, umebana karibu na usukani. Sasa ulikuwa mrefu, umejipinda mbele kama mkono wa kikapu, na ukiugusa ulikuwa umelegea kidogo, unacheza. "Hii ni kazi gani? Fundi gani anaacha waya unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo?"

Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anautazama waya ule kama mwanaume aliyerudi nyumbani akakuta shati asilolijua limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake.

Jioni mke mwenzangu alirudi kutoka mazoezini kwa baiskeli ya akiba, tope mpaka magotini. Tulikaa kunywa chai. Mumewe akaanza kutoka mbali.

"Ile baiskeli yako inakwendaje?"

"Vizuri."

"Foku?"

"Vizuri."

"Loki inafunga?"

"Inafunga na inafungua. Mbona unanihoji kama askari?"

"Nakuuliza kama fundi wako."

"Basi, fundi wangu, huo waya uache ulivyo. Mpaka Jumamosi ipite usiuguse, tafadhali."

Kikombe cha mume wangu kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kikarudi mezani.

"Umesikia, Bibi? Nisiuguse."

"Nimesikia," nikasema. "Mimi mke mkubwa sina changu humu. Niongezee chai."

Mke mwenzangu akacheka, akanimiminia. Mumewe hakucheka. Na mke mwenzangu naye, badala ya kusema neno moja zaidi, akainuka akaenda kuoga. Nilimwangalia anavyokwenda. Kama angesema palepale tungelala salama, lakini alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa ni kumhurumia yule yule aliyekuwa anaungua.

Maana aliungua. Kuanzia Jumanne karakana yetu ilikuwa na fundi mmoja na wivu mmoja, na wivu ndio uliokuwa unafanya kazi zaidi. Alihamisha stendi yake akaiweka penye dirisha. Mkewe akitoka na baiskeli, yeye anachungulia kupitia kwenye njiti za gurudumu alilolitundika. Barabara yetu ni nyembamba, huwezi kutoka bila kumwona Miwani amekaa mlangoni kwake, na mtu mwenye adabu akimwona jirani anamsalimia.

"Kampungia mkono," mume wangu akasema.

"Kila mtu anampungia. Hata mimi."

"Mbona kapunga wa kushoto?"

"Wa kulia kashika breki, mume wangu."

Akazungusha gurudumu lisilokuwa na tatizo.

Jumatano niliamka nikamkuta ametoa sandukuni ile miwani mikubwa ya kulehemu, ameivaa kichwani, juu ya nywele.

"Unalehemu nini?"

"Macho yananisumbua."

"Macho yako yamehamia utosini?"

Aliivaa siku nzima. Mkewe alipopita alimtazama, akanitazama mimi, akauma mdomo asicheke. Angejua alichokuwa anakichekea. Jioni niliikuta miwani ile imerudi sandukuni.

Mimi mwenyewe, nisijifanye malaika, kulikuwa na kitu kinanichoma. Binti yule ananiambia kila kitu. Akigombana na dada yake ananiambia, akiota ndoto mbaya ananiambia. Na hili la waya hakuniambia. Nikawa namwangalia Miwani ng'ambo ile na mimi kwa jicho la pembeni, najiuliza huyu bwana ana nini cha kuambiwa ambacho mimi sina.

Alhamisi mume wangu akavuka barabara. Nikamfuata kwa kisingizio cha gundi ya viraka, ingawa ninayo ya kutosha.

Miwani alisimama kwa heshima. "Shikamoo, Bibi. Karibu, jirani. Leo mmepotea njia?"

"Marahaba. Nimekuja kununua gundi."

"Na mwenzangu?"

"Namsindikiza Bibi," mume wangu akasema. Macho yake yalikuwa kwenye chupa ya vikofia. "Hivi vinatoka sana?"

"Vinatoka. Watu wanapenda rangi."

"Vya kijani?"

"Vya kijani hasa." Miwani akaishusha miwani yake machoni, akamtazama vizuri, nadhani alikuwa anajiuliza mbona jirani anazungumzia vikofia kama mtu anayezungumzia msiba. Kisha akatabasamu. "Mkeo hajambo? Yule ana mikono bwana. Mwambie ule waya asikubali mtu aukaze."

"Waya upi?"

"Anaujua mwenyewe."

Nililipa haraka nikamshika mume wangu kiwiko, tukarudi. Alipofika mlangoni kwetu akaegemea nguzo.

"Kaitaja mikono ya mke wangu, Bibi. Mbele yako. Na ananipa maagizo juu ya baiskeli iliyolala nyumbani kwangu."

"Muulize mkeo, mwanangu. Swali moja tu."

"Nimeshamwuliza."

"Umemwuliza loki inafunga. Hukumwuliza kilichokuuma."

Akaingia ndani, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa mke mwenzangu alikwenda mjini kuchukua namba yake ya kubandika kifuani. Alipopotea tu kwenye kona, mume wangu akaitundika baiskeli kwenye stendi. Nikajua. Nilikuwa na mpira ndani ya beseni, nikauacha ukapumua wenyewe.

Nasema kweli, alikuwa anapendeza kumtazama. Alifungua skrubu ndogo inayobana waya pale juu ya foku, akauchomoa wote. Kikofia cha kijani alikikata kwa plaizi kikaruka, kikaangukia kwenye beseni langu. Ganda jeusi linalofunika waya akalikata likawa fupi, akasawazisha ncha kwa tupa, akapitisha waya mpya uliopakwa grisi. Kisha akauvuta. Akauvuta mpaka ukanyooka kabisa, akakaza skrubu, akakata ncha karibu kabisa na skrubu, akaweka tone lake la risasi. Akaupiga waya kwa ukucha. Ukalia kama uzi wa gitaa.

"Umesikia?" akaniambia. "Waya ndio huo."

Bwana aliyemfundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa breki. Alimfundisha kwamba waya uliolegea ni aibu, na kwa breki ni kweli, unaweza kumuua mtu. Mume wangu akalichukua somo lile akalitumia kwa kila waya aliokutana nao maishani.

Aliishusha baiskeli chini akabonyeza kidude, akaulalia usukani polepole kwa viganja viwili. Foku ngumu. Akabonyeza tena, akaulalia polepole. Foku ikashuka laini mpaka chini. Akafanya hivyo mara kadhaa, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mume wangu," nikasema, "kasema usiuguse."

"Bibi, fundi wa nyumba hii ni mmoja."

Ningeweza kusema zaidi. Lakini nilidhani kilichobadilika ni urefu wa waya tu na sura yake, jambo la mafundi wawili kuoneshana. Foku ilikuwa inafunga na inafungua, nimeiona kwa macho yangu. Mke mwenzangu aliporudi alikuta baiskeli imefunikwa shuka safi. "Iko tayari," mumewe akamwambia. "Kapumzike miguu." Mke mwenzangu akamwangalia kwa mapenzi, akaenda kulala mapema bila kuifunua.

Asubuhi tulipanda pikapu ya mtu wa mtaani, baiskeli imelazwa nyuma juu ya godoro, shuka lake juu. Mahali penyewe palikuwa chini ya kilima kikubwa chenye miti na mawe, wamefunga kamba za rangi kuonesha njia. Watu wamejaa, wanawake wanazungusha miguu kupasha misuli. Mume wangu akaifunua baiskeli kama anayefunua bibi harusi.

Mke mwenzangu akauona waya.

Aliishika baiskeli usukani, akainyanyua gurudumu la mbele juu mpaka usawa wa paja, akaiachia. Likagonga chini, *ga*, likaruka. Akabonyeza kidude, akabonyeza tena, akainyanyua, akaiachia. *Ga*.

"Nani kaukaza?"

"Mimi," mume wangu akasema. "Nimeondoa kazi ya mwanaume mwingine kwenye baiskeli ya mke wangu."

"Mwanaume gani?"

"Mwenye vikofia vya kijani."

Nilidhani atapiga kelele, lakini sauti yake ilishuka. "Ushike," akasema, akampa usukani. "Ulalie."

Akaulalia polepole, kama jana. Foku ikashuka. "Si unaona iko wazi?"

"Sasa inyanyue uiachie."

Akainyanyua, akaiachia. *Ga*. Akainyanyua tena. Baiskeli ya mwanamke mwingine ilikuwa imeegemezwa karibu yetu, mwenyewe anafunga kamba za viatu. Mke mwenzangu akamwomba, akainyanyua ile, akaiachia. Ikatoa sauti ya mto unaoanguka kitandani.

Rangi ya mume wangu ikabadilika. Ni fundi, hahitaji kuelezwa mara mbili, lakini mkewe alimweleza, taratibu, anahema.

"Umeukaza mpaka kifuniko hakirudi mwisho. Tundu limebaki nusu limezibwa. Ukilalia polepole mafuta yanapita yote, yana muda. Ukigonga jiwe kwa kasi hayawahi kupita. Ni kama watu kwenye mlango mmoja, wakitoka mmoja mmoja sawa, wakikimbia wote wanakwama. Waya wa loki unatakiwa uwe na ulegevu kidogo. Mwaka jana niliteremka hapa mikono imekufa ganzi, nikaanguka."

"Mwaka jana?"

"Ulisema pupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshawaambia wateja wote ulivyonitengenezea. Ningeanzaje? Nikasema nitarekebisha mwenyewe, niweke waya mrefu wenye ulegevu kidogo tu, hutaona. Nimelegeza nikateremka, nikalegeza nikateremka, wiki nzima kule nyuma ya machimbo. Kikofia ndicho nilichochukua kwa Miwani, kwa sababu kulehemu sijui." Akafuta jasho. "Hakuna mwanaume, baba. Ni mimi."

Nilimtazama mume wangu. Nimemlea tangu ana meno mawili, najua kila sura yake, na ile sikuwahi kuiona. Alikuwa amejiandaa wiki nzima kumchukia mtu, na mtu mwenyewe akawa ndiye huyu aliyesimama mbele yake na namba kifuani. Na, mtaniamini, wivu haukuondoka. Ulibaki umesimama palepale hauna pa kwenda. "Baiskeli yako," akasema kwa sauti ndogo. "Mikono mingine imeigusa, na ni yako."

"Na ni yangu," akajibu.

Spika ikaita wanawake wajipange.

Mume wangu akapiga magoti. "Nilegeze." Akagusa skrubu, akaona. Waya ulikuwa umekatwa karibu mno, tone la risasi limekaa juu ya skrubu kabisa. Ukiulegeza hata kidogo unachomoka. Waya mwingine alikuwa ameuacha karakana. Akainua uso.

"Hauna pa kulegezea."

"Najua." Mke mwenzangu akatoa spana ndogo kwenye kifuko cha chini ya siti, akafungua skrubu, akauchomoa waya wote, akauviringa, akautia mfukoni mwa mumewe. Kifuniko cha foku kikarudi mwisho chenyewe, tukasikia kinavyogonga. Akainyanyua baiskeli akaiachia. Sauti ya mto.

"Lakini huna loki," mume wangu akasema. "Utapandaje? Itakuinamia njia nzima."

"Itainama. Ila nitateremka."

Walikuwa wanaita tena. Mume wangu akasimama, akatoa pampu ndogo ya foku kwenye begi lake, akaishika mkononi bila kufanya kitu. Ndipo akasema maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema juu ya baiskeli ile.

"Niongeze hewa kidogo, isiiname sana? Au niache?"

Mke mwenzangu akafikiri. Watu wanamsukuma begani, bado anafikiri.

"Kidogo," akasema. "Kidogo sana."

Akaongeza, akiangalia uso wa mkewe badala ya kuangalia kipimo cha pampu, mpaka mkewe alipoitikia kwa kichwa kwamba inatosha. Kisha akampisha.

Mimi nilipata kiti cha kukunja penye kona ambapo njia inatokea msituni, napaona kupanda na kushuka. Kupanda kulinitia uchungu. Wenzake foku zao zimefungwa, wamekaza kama wamepigwa msumari. Yeye kila akikanyaga, mbele inainama, inainuka, inainama. Alijaribu kukaa nyuma zaidi kwenye siti, alijaribu kukanyaga mviringo, laini, na bado walikuwa wanampita, mmoja, kisha mwingine, kisha kundi. Alipopotea juu alikuwa nyuma sana. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono mfukoni, anauviringa ule waya.

Kuteremka, sasa. Walianza kutokea juu, wa kwanza akapita, na wa pili. Kisha nikamwona yeye nyuma ya wa tatu, ameshalipita kundi huko juu. Wengine wote mikono imekakamaa, wanashika breki kwenye mawe. Yeye alikuwa anayapita kama maji yanavyopita. Penye mawe ya mwaka jana sikuangalia, nilimshika mume wangu suruali. Niliposikia watu wanashangilia nikafumbua macho, akawa ameshapita, amempita mwanamke mwingine palepale penye mawe, amebaki nyuma ya wa pili kwa urefu wa baiskeli tatu hivi. Na mteremko ukaisha. Baada ya hapo ni tambarare mpaka kwenye kamba, na tambarare haina huruma.

Akawa wa tatu. Kambini wakachukuliwa wawili.

Njiani kurudi hakuna aliyesema. Na nyumbani ikawa hivyohivyo siku kadhaa, mimi nikawa mpeleka ujumbe.

"Bibi, mwambie mumeo chakula kiko mezani."

"Mume wangu, mke mwenzangu anasema chakula kiko mezani."

"Mwambie nimesikia."

"Kasikia. Mimi mwenyewe miguu inaniuma kusimama kati yenu, na nimekaa."

Mke mwenzangu hakumlaumu kwa sauti. Alikuwa anaosha vyombo tu kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwapo. Wimbo wa kambi ulikoma, na nyumba ikawa na utulivu nisioutaka. Mumewe hakuomba msamaha kwa maneno, si mtu wa maneno. Aliacha kupiga mluzi. Baiskeli ya mkewe ilibaki ukutani, haikuoshwa, foku yake haina waya.

Kisha siku moja asubuhi akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Kile kikofia," akamwambia mkewe, moja kwa moja, hakupitia kwangu. "Miwani alikuuzia au alikupa?"

"Alinipa. Kikofia kimoja mtu anauza?"

Nikaona kidevu chake kinakaza. Nikasema moyoni, haya, tunaanza upya. Lakini aligeuka, akavaa viatu, akavuka barabara. Nilimwona kupitia mlangoni anasimama kwa Miwani, mikono nyuma. Miwani akaishusha miwani machoni. Walizungumza, sikusikia. Miwani akaanza kucheka, akajizuia, akampa kiti. Mume wangu hakukaa. Alirudi na pakiti nzima ya vikofia, na vyote vilikuwa vyekundu.

"Nimenunua," akatangaza. "Hatuhitaji vya kupewa."

"Vya kijani vilikuwa vimekwisha?" mke mwenzangu akauliza.

"Vilikuwapo."

Akaitoa baiskeli ukutani. Hakuitundika kwenye stendi. Aliiweka sakafuni, akachukua waya mpya mrefu na ganda lake, akavishika mkononi, akamnyooshea mkewe plaizi. Mkewe aliitazama plaizi ile muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Nilikuwa na mpira ndani ya beseni, sikuwa naona povu lolote.

Akaipokea.

Alipima waya, akaupinda mbele ya usukani kama mkono wa kikapu, akakata. Mumewe akafumba macho plaizi iliposema *ta*, akafumbua. Akabana skrubu alipoambiwa abane. Kidole chake kikaenda kwenye waya kuupiga, akausikia umelegea, unacheza, na nikaona namna kidole kile kilivyotamani kuvuta.

"Acha," mkewe akasema.

Akaacha. Akainyanyua baiskeli mpaka usawa wa paja, akamtazama mkewe.

"Iachie," mkewe akamwambia.